Guido wa Arezzo: Mmonaki Aliyeandika Vitabu vya Muziki kwa Ajili ya Waimbaji

Katika parokia zetu nyingi, mwanakwaya hata asiyejua kupiga kinanda anazifahamu herufi hizi: d, r, m, f, s, l, t. Mwalimu wa kwaya huziandika ubaoni, sauti ya kwanza huanza, ya pili hufuata, na nota zikishakaa vizuri ndipo maneno huwekwa. Tumezizoea kiasi kwamba ni wachache wanaouliza zilitoka wapi. Zilianza na mmonaki Mbenediktini wa Italia aliyeishi karibu miaka elfu moja iliyopita, jina lake Guido wa Arezzo. Mtu huyu hakuacha utajiri wala hakushika cheo kikubwa katika Kanisa. Aliacha maandishi manne mafupi juu ya muziki, na maandishi hayo yalibadili namna Kanisa la Magharibi linavyofundisha na kutunza nyimbo zake.

Historia yake inatufaa sisi tulio seminarini na wanaotumika parokiani, kwa sababu inagusa jambo tunalokutana nalo kila siku: mtu aliyejaliwa elimu aitumieje?

Utawa wa Pomposa

Guido alizaliwa mwishoni mwa karne ya 10. Aliishi utawa katika abasia ya Pomposa, iliyo karibu na pwani ya bahari ya Adriatiki, si mbali na mji wa Ferrara. Wakati huo abasia hiyo iliongozwa na abate mwenye sifa ya utakatifu, naye pia aliitwa Guido. Huyo abate ndiye Mtakatifu Guido wa Pomposa, aliyefariki mwaka 1046. Msomaji asiwachanganye: mmoja alikuwa abate, mwingine alikuwa mmonaki wake, mwalimu wa kuimba.

Ili kuelewa kazi ya Guido, tukumbuke siku ya mmonaki ilivyokuwa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inaagiza Zaburi zote 150 ziimbwe kila juma. Pamoja na Zaburi kuna antifona, viitikizano na tenzi, na kila sikukuu ina za kwake. Nyimbo hizo zilikuwa nyingi mno, na karibu zote zilipaswa kujulikana kwa moyo. Mtoto aliyeletwa monasterini aliketi mbele ya mwalimu, mwalimu akaimba, mtoto akarudia. Kesho yake wakaanza tena.

Je, hapakuwa na vitabu vya nyimbo? Vilikuwepo. Juu ya maneno ya wimbo waliandika alama ndogo zilizoitwa neuma. Alama hizo zilionyesha kwamba sauti inapanda au inashuka, lakini aghalabu hazikuonyesha inapanda kwa kiasi gani. Aliyeujua wimbo tayari alikumbushwa, lakini asiyeujua hakupata msaada. Guido alizilinganisha alama hizo na kisima kisicho na kamba: maji yamo, unayaona, lakini kiu yako iko palepale.

Guido alieleza matokeo yake kwa uchungu. Waimbaji walijifunza kwa miaka kumi na bado wakabaki na ujuzi nusunusu. Aliona kwamba mtu angeweza kuimba kila siku maisha yake yote, na bado asiweze kuimba peke yake hata antifona moja fupi bila kufundishwa na mwingine. Muda ule wote ungeweza kutumika kusoma Maandiko Matakatifu. Tena kila mwalimu alikuwa na namna yake, na waliofundishwa na walimu mbalimbali walipokutana kusali pamoja, hawakupatana. Watu walidai wanaimba nyimbo za Mtakatifu Gregori, kumbe kila mmoja aliimba za mwalimu wake. Manung'uniko yaliingia hadi ndani ya sala.

Vitabu vya wanafalsafa

Elimu ya muziki haikukosekana katika zama zile. Shule za Kanisa zilikuwa zimerithi kitabu kikubwa cha Boethius, msomi Mkristo wa Roma aliyeuawa karibu na mwaka 524. Kitabu hicho, chenye sehemu tano, kilikusanya mafundisho ya Wayunani wa kale juu ya sauti na hesabu: uzi ukigawanywa katikati unatoa sauti gani, ukigawanywa kwa tatu unatoa ipi, na kwa nini sauti fulani hupatana na nyingine zikagombana. Muziki ulifundishwa pamoja na hesabu, jiometri na elimu ya nyota. Aliyejua uwiano wa sauti kwa akili ndiye aliyeheshimiwa kuwa mwanamuziki kweli. Yule aliyeimba tu alihesabiwa kuwa mtendaji asiyejua atendalo.

Guido hakumdharau Boethius, bali alijifunza kwake, na hata alikubali kwamba kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayeelewa muziki na mtu anayeimba bila kuelewa. Lakini aliona jambo ambalo wasomi wenzake hawakulitilia maanani. Kitabu kile kiliwafaa wanafalsafa, hakikuwafaa waimbaji. Kijana aliyetakiwa kuimba antifona jioni ile hakupata humo kitu cha kumsaidia. Basi Guido alikusudia kuichukua elimu ile iliyokaa juu sana na kuishusha hadi kwenye benchi la mtoto wa kwaya, bila kuipotosha.

Mistari na rangi

Akiwa bado Pomposa, Guido alifanya kazi pamoja na mmonaki mwenzake, Ndugu Mikaeli. Waliandaa kitabu cha antifona kilichoandikwa kwa utaratibu mpya. Kitabu chenyewe kimepotea, ila utangulizi ambao Guido aliuandika kwa ajili yake upo hadi leo, nao unaeleza utaratibu huo.

Guido alipanga alama za sauti juu ya mistari na katika nafasi zilizo kati ya mistari. Sauti moja ikishapewa mahali pake, inabaki hapo hadi mwisho wa wimbo. Ili msomaji ajue mahali pa kuanzia, aliweka herufi mwanzoni mwa mstari, na mistari miwili akaitia rangi: nyekundu kwa sauti ya F na njano kwa sauti ya C. Kwa nini hizo mbili? Kwa sababu chini ya kila moja ya sauti hizo kuna nusu toni, na hapo ndipo waimbaji hukosea mara nyingi. Jicho likiona rangi, koo linajiandaa. Mistari ya nota tunayotumia leo, pamoja na ufunguo unaowekwa mwanzoni mwake, ilikua kutokana na utaratibu huo.

Wavulana waliofundishwa hivyo walianza kuimba nyimbo ambazo hawajawahi kuzisikia. Ungetazamia monasteri ifurahi. Badala yake uliingia wivu. Wapo waliojenga heshima yao juu ya miaka mingi ya kukariri, na sasa mtoto alifika walipofika wao bila kupita njia yao. Guido na Mikaeli walisumbuliwa hata Guido akaondoka Pomposa. Baadaye alimwandikia Mikaeli akieleza jinsi yeye mwenyewe alivyofukuzwa mbali, huku mwenzake akibaki kati ya mitego ya wenye wivu. Alijifananisha na fundi wa kale anayesimuliwa kuwa alivumbua kioo kisichovunjika akakipeleka kwa Kaisari akitumaini zawadi, naye badala ya zawadi akapata kifo.

Arezzo na kitabu cha Micrologus

Karibu na mwaka 1025 Guido alifika Arezzo, mji wa Toscana, ambako Askofu Theodald alimpokea na kumkabidhi kuwafundisha waimbaji wa kanisa kuu. Askofu huyo alikuwa mtu wa ukoo mashuhuri wa Canossa. Guido mwenyewe, baada ya yote yaliyompata, alitamani zaidi kukaa kimya upwekeni, lakini alitii. Kwa agizo la askofu aliandika kitabu chake kikuu, Micrologus, jina lenye maana ya maelezo mafupi. Ndilo jina lililomstahili mwandishi aliyeogopa maneno mengi.

Kitabu kina sura 20. Kinaanza na yale ambayo mwanafunzi anapaswa kufanya kabla ya yote, kisha kinaeleza sauti ni ngapi na zinapatikanaje kwenye monokodi, yaani kifaa chenye uzi mmoja uliokazwa juu ya ubao wenye alama za kugawanya uzi huo. Kinaendelea na umbali kati ya sauti na sauti, na tabia za toni mbalimbali za nyimbo za Kanisa. Kinafundisha namna ya kutunga wimbo mzuri, ambapo vipande vya wimbo vinalingana kama mishororo ya shairi, na muziki unafuata maana ya maneno: jambo la huzuni liimbwe kwa huzuni, la furaha kwa furaha. Kuna sura juu ya nguvu ya muziki, ambamo Daudi anakumbukwa akimtuliza Sauli kwa kinubi. Kuna pia sura mbili juu ya kuimba kwa sauti mbili kwa pamoja, nazo ni miongoni mwa maandishi ya awali yanayotuonyesha jinsi uimbaji wa sauti nyingi ulivyoanza kukua kanisani. Sura ya mwisho inasimulia habari ya kale ya Pythagoras na nyundo za wahunzi, ambayo ilipatikana kwa Boethius.

Hapa tunaona jinsi Guido alivyofanya kazi. Hesabu hazikutupwa, wala historia haikusahauliwa. Lakini yaliyomsaidia mwimbaji yaliwekwa mbele, na yale ya kuipamba akili yalisubiri hadi mwisho. Katika utangulizi Guido alishuhudia kwamba baadhi ya vijana wake, kwa mazoezi ya muda usiofika mwezi, waliimba kwa kutazama tu nyimbo wasizozijua, na watu wakashangaa.

Kitabu hicho kilinakiliwa kwa mkono katika monasteri na shule za Ulaya nzima. Miongoni mwa vitabu vya muziki vya Zama za Kati, ni kile cha Boethius tu kilichoenea zaidi yake.

Mbele ya Papa

Habari za Arezzo zilifika Roma. Papa wakati huo alikuwa Yohane XIX, aliyeliongoza Kanisa kutoka mwaka 1024 hadi 1032. Alikuwa mlei wa ukoo wenye nguvu wa Tusculum kabla ya kuchaguliwa, na wanahistoria hawamsifu sana. Hata hivyo, katika jambo hili alionyesha usikivu. Alituma wajumbe watatu kumwita Guido, naye akaenda akisindikizwa na abate mmoja na mkuu wa makanoni wa Arezzo.

Papa alikipokea kitabu cha antifona kwa mshangao. Alikipekua, akauliza maswali, akasoma kanuni zilizowekwa mwanzoni, na hakuondoka alipokuwa ameketi mpaka alipoweza kuimba mwenyewe mstari mmoja ambao hakuwahi kuusikia. Yale aliyokuwa akiyasikia juu ya wengine, sasa aliyaona kwake mwenyewe.

Guido hakukaa Roma muda mrefu. Ilikuwa kiangazi, na joto la mji ule na unyevunyevu wa mabwawa yake vilimdhuru aliyezoea hewa ya milimani. Aliugua, ikakubaliwa arudi wakati wa baridi aje kufundisha wakleri wa huko.

Siku chache baadaye alimtembelea abate wake wa zamani, Guido wa Pomposa. Abate alikitazama kitabu, akasikia maelezo, na akajuta kwamba aliwahi kuwasikiliza wapinzani wa mmonaki wake. Akamsihi arudi Pomposa. Guido alimwita baba na kumheshimu kama baba, akaonyesha nia ya kurudi. Katika maandishi yake hatuoni neno la kulipiza kisasi juu ya abate huyu. Mtakatifu alikubali kwamba alikosea, na aliyekosewa alisamehe.

Wimbo wa Yohane Mbatizaji

Habari hizi zote tunazipata katika barua ambayo Guido alimwandikia Ndugu Mikaeli, na barua hiyohiyo ndiyo iliyoleta do, re, mi ulimwenguni. Ndani yake Guido alisahihisha hata njia yake ya mwanzo. Kutafuta kila sauti kwenye monokodi, alisema, kunamfaa anayeanza, lakini anayetaka kuendelea kutamchelewesha. Mwimbaji anahitaji sauti zikae ndani ya kumbukumbu yake, ili azitambue popote atakapozikuta.

Kwa ajili hiyo alitumia utenzi wa Kilatini unaoimbwa katika sikukuu ya kuzaliwa Yohane Mbatizaji, tarehe 24 Juni, uitwao Ut queant laxis. Maneno yake kwa desturi yanahesabiwa kuwa ya Paulo Shemasi, mmonaki wa karne ya 8. Katika muziki alioutumia Guido, kila kipande kati ya vipande sita vya kwanza kinaanza na sauti iliyo juu ya ile iliyoanza kipande kilichotangulia. Silabi za mwanzo za vipande hivyo ni ut, re, mi, fa, sol na la. Mtoto akishaujua utenzi huo vizuri, amebeba ngazi nzima ya sauti kichwani. Akikuta wimbo mgeni, anajiuliza tu: sauti hii ni ile inayoanza kipande kipi? Tena katika ngazi hiyo nusu toni iko mahali pamoja tu, kati ya mi na fa, kwa hiyo mwanafunzi hababaiki. Guido alisema kwamba baadhi ya watoto waliweza kuimba wimbo wasioujua kabla ya siku ya tatu kwisha.

Utenzi wenyewe unamwomba Yohane awasafishe midomo watumishi wa Mungu ili waweze kuimba matendo yake. Tukikumbuka kwamba Zakaria, baba yake Yohane, alifungwa ulimi na sauti ikamrudia mtoto alipopewa jina, tunaona utenzi huo ulivyowafaa waliokuwa wakifundishwa kuimba.

Urithi uliotufikia

Baada ya miaka ya 1030 Guido hasikiki tena. Kazi yake iliendelea bila yeye. Walimu waliomfuata walifundisha kwa kuonyesha sauti kwenye viungo vya vidole vya mkono, na mkono huo ukaitwa kwa jina lake ingawa hauonekani katika maandishi yake. Baadaye silabi ut ilibadilishwa kuwa do, iliyo rahisi kuimbika, na sauti ya saba ikapewa jina si, kutokana na herufi za kwanza za jina la Mtakatifu Yohane kwa Kilatini.

Katika karne ya 19 huko Uingereza, mwalimu Sarah Glover, na baada yake mchungaji John Curwen, walitumia herufi za kwanza za silabi hizo kuandika nyimbo kwa ajili ya watu wa kawaida wasio na ala wala fedha za vitabu vya gharama. Si ikawa ti, ili herufi s isirudiwe mara mbili. Wamisionari wakaleta utaratibu huo Afrika. Ndiyo maana leo mwalimu wa kwaya kijijini, mwenye chaki na ubao tu, anaweza kuwafundisha watu wake wimbo wa sauti nne ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Njia ni ndefu kutoka Pomposa hadi ubao ule, lakini kusudi ni lilelile: wimbo usifungwe katika kichwa cha mtu mmoja.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, namba 115, uliagiza kwamba mafundisho na mazoezi ya muziki yapewe uzito mkubwa katika seminari. Kwetu agizo hilo lisionekane kama kipindi cha kupumzika kati ya falsafa na teolojia. Frateri atakayetoka hapa bila kujua kusoma nota atafika parokiani akiwategemea wengine kwa kila antifona. Na anayejua lakini hafundishi, anayeficha daftari lake la nyimbo ili kwaya isiweze kuendelea bila yeye, amesimama upande wa wale waliomsumbua Guido. Wapo pia wasomi wanaoandika juu ya muziki wa Kanisa kwa lugha ambayo hakuna mwanakwaya anayeweza kuitumia. Micrologus ni ushahidi kwamba elimu ya kina na maelezo mepesi vinaweza kukaa katika kitabu kimoja.

Katika barua yake kwa Mikaeli, Guido alitaja pia malipo aliyoyatumaini. Ikiwa watu huwaombea kwa Mungu walimu waliowapa ujuzi nusunusu kwa miaka kumi, alifikiri, hakika wataombewa pia yeye na wenzake, waliowapa ujuzi kamili kwa mwaka mmoja au miwili, ili wasamehewe dhambi zao. Na kama watu wangesahau, alimtegemea Mungu aliye mwenye haki.

Basi, ndugu mwanakwaya na ndugu frateri, mkutanapo kwa mazoezi na mwalimu akaandika d, r, m ubaoni, kabla ya kuanza mwombeeni Guido, na Ndugu Mikaeli pamoja naye. Ndilo deni pekee alilotuachia.